Meza Iliyozaliwa na Dole Langu

Barazani tunapokaa baada ya alasiri, serikali hupunguzwa kila siku. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, huondoa wizara nzima kabla kahawa haijapoa. Mwengine hufuta makatibu na manaibu wao, na muuza kahawa mwenyewe, ambaye hajapata kuajiriwa na mtu maishani mwake, ndiye mkali kuliko sote: yeye huwarudisha wote shamba wakalime mihogo. Serikali imenenepa, wanasema, imeota tumbo, haioni tena miguu yake. Wakifika hapo hunigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa karani enzi za Mwingereza, wakataka kujua kama wakati ule nao mambo yalikuwa hivi. Mimi huwajibu kwamba kahawa ya leo imezidi tangawizi.

Hawajui kwa nini nakwepa. Wao wanadhani meza za serikali huzaliwa na wakubwa, watu wenye tamaa wanaotaka kuajiri jamaa zao, na pengine nyingi huzaliwa hivyo. Lakini ipo moja ninayoijua siku yake na saa yake, na aliyeizaa ni mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na niliizaa kwa huruma kwanza, kisha kwa woga.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini niliajiriwa karani wa mafaili katika idara moja ambayo sitaitaja, maana watoto wa wenzangu wangali hai na mimi sitaki maneno. Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe ya mjini, yenye ngazi nyembamba na madirisha mazito ya mbao. Tulikuwa watu watano: bwana mkubwa, Mzungu aliyekaa chumba chake peke yake, karani mkuu, Mgoa wa makamo aliyependa usafi, mpiga taipu, mimi, na tarishi, ambaye usingizi wake ulijulikana mtaa mzima. Nyumbani kwetu Jang'ombe nilikuwa naitwa bwana karani hata na watu walioniona nikitambaa. Mama yangu, mjane, alikuwa akinifunikia chakula changu kwa kawa mpya, na dada zangu watatu walikula baada yangu.

Kazi yetu ilikuwa na desturi yake, na asiyeijua hawezi kunielewa. Faili likikufikia, hukuulizwa kama umelimaliza. Uliulizwa kama umelisogeza. Ulilisoma, ukaandika mstari mmoja chini ya mstari wa mwenzako, "Naleta kwako kwa maelekezo," ukatia herufi za jina lako na tarehe, ukalipeleka meza ya pili. Jioni meza yako ikiwa tupu, wewe ndiye karani hodari. Mimi meza yangu ilikuwa tupu kila jioni.

Siku moja mama mmoja alipanda ngazi zetu mara ya kwanza, ndara zake mkononi, kama anayeingia msikitini. Alitoka kijiji cha pwani ya kaskazini, mbele ya Mangapwani, na alikuja kwa gari la shamba lililomshusha Darajani. Kazi yake ilikuwa makumbi ya nazi: huyafukia matopeni, huyafukua baada ya miezi yakiwa yameoza na kunuka, huyaponda juu ya gogo mpaka yatoe usumba, kisha usumba ule husokotwa kamba. Ile harufu ya tope aliingia nayo. Mpiga taipu alikwenda kufungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mwanawe, binti wa pekee, alipelekwa kambi ya wakoma akiwa na miaka kumi na mitatu. Kambi ilikuwa nje ya mji, upande wa njia ya Tunguu, na binti alikuwa amekaa humo miaka sita. Ugonjwa ulimla vidole vya mikono yote miwili, na madole gumba pia, kabla vidonge vipya havijafika Unguja. Vidonge vilipofika vilimtoa ugonjwa, vidole havikurudi. Sasa daktari alikuwa ameandika kwamba binti yu mzima, hana cha kumwambukiza mtu, na anaweza kurudi kwao. Kilichobaki kilikuwa fomu yetu. Jamaa wa karibu afike mwenyewe, akubali kumpa makazi, na atie alama ya dole gumba la kulia mbele ya karani.

"Chumba nshakipaka chokaa," akanambia yule mama. "Mkeka nshamsukia, mpya. Nataka tuvunje jungu pamoja na tufunge pamoja. Miaka sita nafuturu peke yangu, kama namkalia matanga."

Jungu huvunjwa siku ya mwisho kabla ya mfungo, na Ramadhani ilikuwa bado miezi mitatu. Nikamwambia hapana shaka watafunga pamoja. Nikafungua kibati cha wino, nikamshika dole, nikalibonyeza kwenye fomu.

Likatoka doa. Hapakuwa na mistari wala mizunguko, ila doa jeusi la duara. Nikatazama lile dole. Miaka ya kuponda na kusokota ilikuwa imelilaza ngozi yote, laini kama kokwa la ukwaju. Karani mkuu akaiinua fomu penye mwanga.

"Hii si alama," akasema. "Arudi wiki ijayo, dole likiwa safi."

Alirudi. Nilimwosha dole kwa sabuni na mafuta ya taa, tukapata doa lile lile. Karani mkuu, ambaye nataka ijulikane kuwa hakuwa mtu mbaya, akashauri aache kuponda makumbi mwezi mmoja ili ngozi iote. Yule mama akaacha. Sikumuuliza mwezi ule alikula nini. Alipokuja mara ya tatu alikuwa amepungua, na dole lilikuwa vile vile.

"Sasa, baba," akasema, anakitazama kidole chake kama cha mtu mwengine, "mie si mama yake?"

Waraka ulitaka dole. Haukusema la kufanya ikiwa dole halina kitu. Karani mkuu aliandika barua juu kuuliza, na jibu lilikuja baada ya mwaka na zaidi. Mimi ndiye niliyelifungua. Lilisema jambo hilo linashughulikiwa.

Mara ya nne ilikuwa zimebaki wiki tatu Ramadhani iingie. Ilikuwa wakati wa adhuhuri. Bwana mkubwa yuko kwake anakula, karani mkuu vile vile, mpiga taipu kenda msikitini, na tarishi kalala ngazini na kofia usoni. Yule mama akatia dole kwenye karatasi ya kujaribia, likatoka doa. Alikaa kwenye benchi, akaanza kuvaa ndara zake humo humo ndani, jambo ambalo hakupata kulifanya, na mimi nikajua kwamba akishuka ngazi zile safari hii hatapanda tena.

Nikatoa fomu mpya. Nikaijaza upya yote, jina lake, kijiji chake, jina la binti. Kisha nikabonyeza dole langu kwenye wino na nikalitia pale.

Aliniona. Alinishika mkono ule ule wenye wino, akaubusu, mimi kijana mdogo kwake, akaniombea dua ndefu ambayo sikuweza kuitikia. Alishuka akiwa amechangamka. Nilimsikia akimwamkua tarishi na kumwambia asilalie shingo.

Nilikuwa na furaha, sifichi. Niliona nimeishinda ofisi. Karani mkuu aliporudi aliisifia ile alama. Alisema ni safi kuliko zote zilizopata kupita mezani kwake, na kumbe ule mwezi wa kupumzika ulisaidia. Faili likasogea.

Kosa langu lilikuwa kosa la karani, mtu mwengine asingelifanya. Zile fomu tatu zilizokataliwa nilikuwa nimezibana mwenyewe ndani ya faili, moja juu ya moja, kwa mpangilio wa tarehe. Tulifundishwa kutotupa karatasi. Sikuzifikiria kabisa, mkono wangu uliibana ya nne juu yazo kwa mazoea, nikaandika "Naleta kwako kwa maelekezo," nikatia herufi zangu. Idara ya pili karani akafunua, akaona madoa matatu na juu yake dole zuri lenye mizunguko kama ya konokono. Akaandika mstari wake: je, huyu ni mtu mmoja?

Bwana mkubwa akaniita.

"Naam," nikaitika, nikaingia chumbani kwake.

Alinipa karatasi nyeupe. Mimi ndiye niliyempokea yule mama, kwa hiyo nieleze kwa maandishi, kesho asubuhi iwe mezani kwake. Nilikwenda nayo nyumbani Jang'ombe. Mama yangu alikuwa ameniwekea muhogo wa nazi chini ya kawa. Nilikula, kisha nikakaa na ile karatasi magotini, na dada zangu wakanyamazishana ili kaka aandike.

Mstari mmoja ungetosha. Dole ni langu, lakini mama ni mama kweli. Ningefukuzwa, pengine ningefungwa. Lakini ujinga wote ungeanikwa juani, mama mzima ameshindwa kumchukua mwanawe kwa ajili ya ngozi ya dole, na bwana mkubwa, ninavyomjua, angeona haya na angemtoa binti yule siku hiyo hiyo. Nililiona hilo wazi kama ninavyoiona sasa hii kahawa. Nikanusa harufu ya nazi kwenye vidole vyangu, nikawatazama dada zangu, nikaandika neno jengine. Niliandika kwamba inawezekana kuna udanganyifu katika alama za vidole, kwamba karani wa kawaida hana ujuzi wa kuzitambua, na kwa hiyo ni vyema akapatikana mtu maalumu wa kuzikagua kabla fomu haijaenda mbele.

Bwana mkubwa alisoma mara mbili. Alisema hakujua kama mimi ni mtu wa fikra. Nikapandishwa daraja.

Mtu akaletwa. Alikuwa mpole, ana kioo chenye mpini cha kukuzia vitu, na aliweka meza yake hatua sita kutoka yangu. Mtu mwenye kioo alihitaji kabati la kuwekea alama. Kabati likahitaji daftari, daftari likahitaji karani msaidizi, msaidizi akahitaji tarishi wake, maana wetu kazi yake ilikuwa kulala. Chumba hakikutosha, ikakodiwa nyumba ya jirani na ukuta ukatobolewa mlango. Nilisimama nikawatazama mafundi wakipiga nyundo kwenye mawe, vumbi la chokaa likinijaa nyweleni. Kila kilichoongezwa kilikuwa na sababu yake nzuri, na hakuna aliyeiba hata kalamu. Na faili la kwanza yule mtu aliloanza nalo lilikuwa lile lile. Juu yake aliandika kwamba binti asitolewe mpaka uchunguzi ukamilike.

Yule mama alikuja siku mbili kabla ya mfungo.

"Si ulinambia imepita?" akaniuliza.

"Ilipita, bi mkubwa. Lakini imerudi. Njoo wiki ijayo."

Alikuja wiki ijayo, kafunga, midomo imemkauka, na nilimwambia bado. Akaja tena. Kisha akaacha kuja, Idi ikapita, na mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikisikia nyayo ngazini zikawa si zake, kifua kilikuwa kinanifunguka.

Lakini lile dole halikuniacha. Nililiona kwenye gilasi ya maji niliyoinywa, kwenye ukuta uliopakwa chokaa mpya, kwenye kanzu yangu ya Ijumaa ambayo mama yangu aliapa haina hata tone la kitu. Nikitawadha nilikuwa nalisugua kwa jiwe la miguu mpaka litoke damu, likiota upya linaota na mizunguko yake ile ile. Tulifundishwa chuoni, tuliposoma Kurani, kwamba itafika siku mikono itatoa ushahidi. Wenzangu walikuwa wanayasikia maneno hayo msikitini na kutikisa vichwa. Mimi nilikuwa nauficha mkono wa kulia ndani ya kanzu.

Baada ya miezi mingi nilitumwa kambini. Yule mtu wa kioo alitaka orodha ya wakaazi ilinganishwe na daftari letu. Nilihesabu majina, likazidi moja. Nilisoma tena na tena, na lile lililozidi lilikuwa jina la yule mama.

Mlinzi wa lango hakuona la ajabu. Mwanamke alikuja mwezi wa Ramadhani, alisema, mkeka kichwani, akapita akenda zake ndani kwa mwanawe.

"Na hukumuuliza karatasi?"

"Karatasi ya nini? Anayetoka ndiye mwenye karatasi. Anayeingia humu kwa hiari yake, nani kamtungia fomu?"

Na karani wa kambi, kwa kuwa asiye kwenye orodha hapati mchele, alimwandika. Kwa hiyo karatasini alikuwa mkoma.

Niliwakuta nje ya chumba chao. Mama anaponda makumbi, na ule mkeka mpya umetandikwa mlangoni. Binti alikuwa amekaa juu yake, anasokota kamba kwa viganja, anausukuma usumba baina ya mikono isiyo na vidole, na kamba inatoka nzuri, imekaza sawasawa. Aliponiona aliisitiri mikono ndani ya kanga.

"Itoe, mwanangu," mama yake akamwambia. "Huyu ndiye yule kaka niliyekwambia. Ndiye alonitilia dole."

Binti akanitazama kwa shukrani. Nilitamani anitukane.

"Tushavunja jungu letu hapa hapa," akasema yule mama, anacheka. "Tulichelewa wiki mbili tu. Kuingia nikaona rahisi, basi nikaingia."

"Bi mkubwa," nikasema, "aliyekuzuilieni ni mimi. Ile fomu imekwama kwa ajili yangu."

"Weye?" Akaacha kuponda. "Usijitwike ya watu, baba. Katika ofisi nzima ile, weye peke yako ndiye ulonisaidia."

Ningeweza kusema tena. Ningeweza kumweleza neno kwa neno, karatasi nyeupe, muhogo wa nazi, yote. Nilinyamaza, na yeye akaingia ndani akatoka na mafungu mawili ya kamba nyembamba, akanitilia mkononi. Alikuwa ameona mafaili yetu, alisema, yamevimba mpaka tepe zinakatika.

"Kafungie makaratasi yako. Hii haikatiki."

Mwaka uliofuata uchunguzi ulikamilika, yaani mtu wa kioo alipata mambo mengine. Binti akapewa ruhusa ya kutoka. Akasema hatoki bila mama yake, na mama yake sasa alikuwa kwenye orodha, na aliye kwenye orodha hutoka kwa fomu. Daktari aliandika kwamba mama huyu hajapata kuumwa ugonjwa ule hata siku moja. Kilichobaki kilikuwa jamaa wa karibu afike mwenyewe, akubali kumpa makazi, na atie alama ya dole gumba la kulia.

Jamaa wake alikuwa mmoja tu duniani.

Fomu ilinifikia asubuhi moja, imejazwa yote, isipokuwa pale mahali pa dole. Nilikaa nayo mpaka adhuhuri. Karani mkuu akaenda kula, mpiga taipu akaenda msikitini. Kibati cha wino kilikuwa wazi mbele yangu. Lakini mtu wa kioo hakuwa akitoka adhuhuri. Alikula mezani pake, hatua sita kutoka nilipo, na katika daftari lake dole langu lilikuwa limebandikwa zamani mbele ya jina la yule mama. Nikilitia tena, atalijua. Alikuwa anaijua kazi yake vizuri sana, na mimi ndiye niliyemleta. Aliinua kichwa akaniuliza kama sijisikii vizuri, mbona natoka jasho. Nikamwambia ni joto.

Nilichukua kalamu nikaandika chini ya mstari wa daktari: "Jamaa hana dole. Naleta kwako kwa maelekezo." Nikatia herufi za jina langu na tarehe. Faili lilikuwa nene sasa, na tepe yake ilikuwa imekatika. Nikafungua mtoto wa meza, nikatoa ile kamba, nikalifunga kwa mafundo mawili, kisha nikamwita tarishi alipeleke meza ya pili.